Majani ya Manjano Katika Chai Changa

Mkulima, ukiona majani ya chai yako changa yamegeuka manjano, usikimbilie mbolea. Tazama kwanza ugonjwa umekaa wapi.

Kama shamba zima limepauka, na majani ya chini ndiyo yaliyoanza, huenda miche ina njaa ya naitrojeni. Palilia, kisha tia mbolea ya chai kwa kipimo ulichopewa, udongo ukiwa na unyevu.

Lakini kama ni kiraka kimoja tu cha miche iliyodumaa na kupukutika, na kandokando chai ni nzima, waulize wazee: je, hapo palikuwa na nyumba, kambi ya vibarua au boma la ng'ombe? Majivu ya miaka mingi hupunguza asidi ya udongo, na chai hutaka udongo wenye asidi, pH kati ya 4.5 na 5.6. Mbolea peke yake haitaponya mahali hapo. Usitie chokaa wala majivu. Peleka udongo ukapimwe katika Taasisi ya Utafiti wa Chai, Kericho. Huenda ukashauriwa kutia salfa.

Usizibe pengo kabla ya kupima. Utapoteza miche, na miaka ya kungoja pia.