Kutoa Flashi Katika Kompyuta Bila ya Kuharibu Hesabu

Msimu uliopita karani wa tawi moja alitujia ofisini na flashi yenye hesabu za uzani wa karafuu za watu wake. Tukaitia katika kompyuta, tukaongeza majina ya waliochelewa, na papo hapo tukaichomoa kwa mkono, kwani gari lilikuwa likimngoja. Alipofika kwao akaifungua akaona faili lipo kwa jina tu, ndani hamna kitu. Ikatubidi kuhesabu upya kutoka stakabadhi za karatasi, na malipo yakachelewa. Wapo waliodhani wamedhulumiwa, wala hatuwalaumu. Kosa lilikuwa letu, si la karani, na ndiyo sababu ya kuandika khabari hii.

Kompyuta haiandiki katika flashi saa ile ile unapoiamrisha. Mfano wake ni karani wa mizani siku ya msongamano. Gunia hupandishwa, uzani hutajwa, naye huitika "ndiyo", lakini kalamu haijagusa daftari. Huyashika kichwani magunia matatu manne, kisha huinama akayaandika kwa pamoja. Ukimnyang'anya daftari kabla hajainama, yaliyokuwa kichwani yamepotea. Ukimnyang'anya akiwa anaandika ni vibaya zaidi, kwani waweza kukuta jina la mtu bila ya uzani wake. Kumbukumbu ya kompyuta ndicho hicho kichwa cha karani. Katika Linux, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta ya ofisi yetu, maandishi huweza kukaa humo kiasi cha sekunde 30 kabla ya kuanza kupelekwa kwenye flashi, na kioo kimekwisha kukuonyesha kwamba kazi imemalizika.

Tena flashi nyingi zimepangwa kwa utaratibu uitwao FAT, wa tangu miaka ya 1970, wenye jedwali la kuonyesha kila faili limekaa wapi. Jedwali likiachwa nusu, hata mafaili ya zamani ambayo hukuyagusa yaweza yasionekane.

Ziko picha za kubonyeza kwa kazi hii, lakini kompyuta yetu ni kongwe na picha huganda. Amri ya kuandikwa ina faida yake, kwani hukwambia wazi ikiwa imeshindwa. Kwanza andika:

lsblk

Utaona orodha. Diski ya kompyuta yenyewe mara nyingi huitwa sda, na flashi sdb, na sehemu iliyomo ndani yake sdb1. Usiyahifadhi majina haya kwa moyo, maana hubadilika. Itambue flashi kwa ukubwa wake. Ile ya GB 16 huonyesha pungufu kidogo ya 16, wala haiwezi kuonyesha 500. Kisha:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1

Hapa ndipo karani anapoinama kuandika. Huenda akachukua dakika nzima ikiwa mzigo ni mkubwa, basi mwache. Likitokea neno Unmounted, kazi imekwisha. Malizia kwa kuikatia umeme, safari hii bila ya ile 1, kwa kuwa twaitaja flashi yote:

udisksctl power-off -b /dev/sdb

Sasa ichomoe.

Kompyuta isiyo na amri hiyo, andika sudo umount /dev/sdb1. Angalieni, baada ya u hakuna n. Sisi wenyewe limetusumbua sana neno hili. Itataka neno la siri, na unapoliandika hutaona kitu kiooni, usidhani baodi imeharibika. Ikifaulu haisemi lolote.

Ikisema "target is busy", maana yake yupo anayeitumia flashi bado. Mara nyingi ni faili lililoachwa wazi, au wewe mwenyewe umesimama ndani ya folda yake. Andika cd upate kutoka, kisha rudia. Usipomjua mwenye kuishika, amri fuser -vm /dev/sdb1 itamtaja. Usiichomoe kwa hasira. Iko pia amri ya sync, ambayo huamrisha yote yaandikwe, lakini haiiachii flashi, kwa hivyo peke yake haitoshi.

Wenye Windows, tangu toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2018, flashi kwa kawaida haziwekewi akiba ya maandishi kichwani, lakini kuichomoa faili likiwa linanakiliwa huharibu vile vile. Wenye Mac watazame jina kwa diskutil list, kisha waandike diskutil eject na jina hilo.

Stakabadhi za karatasi za msimu huu zisitupwe mpaka malipo yote yamalizike. Makarani wa matawi wanaotaka kujaribu kwa mikono yao wana rukhusa kuja ofisini asubuhi yoyote ya kazi, na waje na flashi tupu.