Pepa ya tano na fundi wa chumba cha nyuma

Vijana wa steshenari za Namanga, pale Msasani, wanazijua shule za kimataifa kwa namba. Mteja haombi mtihani wa Kemia, anaomba 0620. Hesabu ni 0580, Biolojia 0610, Fizikia 0625. Mitihani ya IGCSE ya miaka ya nyuma imepangwa rafuni, imefungwa kwa ringi ya plastiki, na chini ya kila ukurasa kuna mfuatano wa namba na herufi ambao kwa mpita njia hauna maana yoyote: 0620/62/M/J/23.

Nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi, sina la kufanya, nikaanza kusoma namba hizo. Mafungu ya Kemia yalikuwa na 22, yalikuwa na 42, na mengi kuliko yote yalikuwa na 62. Namba 52 haikuwepo. Nikamuuliza kijana wa mashine kama imekwisha.

"Hiyo huwa hawaiulizii," akasema, akaendelea kurudufu.

Jibu hilo lilinikera kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Nilipotafuta maana ya namba zenyewe, nikakuta ni jambo jepesi. Tarakimu ya kwanza baada ya mkwaju ni pepa, ya pili ni toleo, kwa kuwa Cambridge, bodi inayotunga mitihani hii, hutoa matoleo tofauti ya mtihani uleule kwa sehemu mbalimbali za dunia. Pepa ya 2 ni maswali ya kuchagua. Ya 4 ni nadharia. Ya 5 inafanyika maabara: mtoto anapewa bureti, chupa za vimiminika na saa moja na robo. Ya 6 inaitwa mbadala wa vitendo. Mtoto anakaa kwenye dawati, anaangalia picha ya bureti, anasoma kipimo kwenye picha hiyo, na anaandika angefanya nini kama angekuwa maabara. Shule ndiyo inayochagua moja kati ya hizo mbili. Zote zina alama 40, zote zinabeba asilimia 20 ya Kemia nzima, na cheti kikitoka hakisemi mtoto alifanya ipi.

Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa habari za Masaki na Oyster Bay, ada ambazo hadi mwaka 2025 zilitajwa kwa dola, na wageni wa mashirika, balozi na kampuni za gesi wanaoshuka hapa kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu wakiwa na watoto mkononi. Wengi ada hulipiwa na mwajiri. Kinachowaumiza kichwa ni kuchagua, tena haraka, kabla ya muhula wa Septemba. Wanatembezwa shule tatu au nne kwa siku mbili. Nilitaka kujua kama katika matembezi hayo kuna anayeuliza habari ya tano na sita.

"Hayupo," alinijibu mtu ambaye angepaswa kujua.

Ni fundi sanifu wa maabara. Amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, katika shule zaidi ya moja za mtaala wa Uingereza hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa bado yumo kazini, jina lake na la shule yake tuyaache. Wanafunzi wanamwita Fundi. Walimu wa kizungu nao wanamwita Fundi, na anashuku kwamba baadhi yao wanadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

"Wazazi wanapitishwa bwawa la kuogelea, wanapitishwa ukumbi wa maigizo, wanaonjeshwa chakula cha kantini," alisema. "Wakifika kwangu wanakuta nimeambiwa niwashe moto wa rangi. Chumvi ya lithiamu inatoa mwali mwekundu, ya potasiamu urujuani, ya shaba kijani kilichochanganyika na bluu. Wanapiga makofi, watoto wanafurahi, wanaondoka. Kule nyuma hakuna anayechungulia."

Kule nyuma ni chumba cha matayarisho, chembamba, chenye dirisha moja na beseni mbili. Nilikaa humo kwa ruhusa yake siku shule ilipokuwa imefungwa. Bureti zimening'inizwa kichwa chini, koki zake zikiwa wazi, ili maji yatoke yote. Nitrati ya fedha imo ndani ya chupa ya kahawia, mbali na mwanga. Kila chupa ina karatasi yenye jina, ukali wa myeyusho na tarehe ya kuchanganywa, kwa mwandiko uleule wa kulala. Alipita na kidole juu ya rafu, akanionyesha kidole chenyewe: kisafi.

"Ukitaka kujua shule, tazama vumbi la bureti," alisema. "Brosha inachapwa mara moja kwa mwaka. Vumbi linaingia kila siku."

Nilimwomba anieleze kinachotokea shule inapochagua pepa ya 5. Nilitegemea sentensi mbili. Nikapata saa nzima, na macho ya mtu aliyesubiri kwa miaka mingi aulizwe.

Kwanza yanakuja maelekezo ya siri. Cambridge huyatuma mapema kwa ajili ya wanaoandaa mtihani tu, yakiorodhesha vifaa, kemikali, kiasi na ukali wake. Mtoto siku ya mtihani ataona herufi tupu kwenye chupa, tuseme P na Q. Fundi anajua P ni nini, na anajua wiki kadhaa kabla. Katika muda huo hasemi na mtoto yeyote habari za kemia. "Hata akinisalimia naitikia nikipita," alisema. Anaogopa zaidi orodha ya manunuzi. Mwanafunzi mjanja akiona karani anaulizia kemikali fulani sokoni, ameshajua nusu ya jibu. Kwa hiyo Fundi huagiza na vitu asivyovihitaji, vivurugike humo humo.

Kisha anajaribu. Anafanya jaribio zima mwenyewe, kwa maji ya hapa na joto la hapa, kwa sababu myeyusho uliotengenezwa vibaya utawaangusha watahiniwa wote kwa pamoja na hakuna atakayejua kosa ni la nani. Anadondosha hidroksidi ya sodiamu kwenye myeyusho wa shaba mpaka aone mashapo ya bluu hafifu. Anaongeza amonia mpaka yayeyuke na kugeuka bluu iliyokolea. Akiridhika, anaandaa chupa kwa kila kiti, pamoja na za akiba kwa atakayemwaga. Atakayemwaga yupo kila mwaka.

Siku yenyewe, watahiniwa wakiwa mezani, mwalimu wa somo anafanya jaribio hilohilo kwa vimiminika vilevile mahali ambapo hawamwoni. Matokeo yake yanaingia kwenye ripoti inayosafiri pamoja na majibu ya watoto, ili msahihishaji wa mbali asimwadhibu mtoto kwa tofauti iliyoletwa na chupa. Na kama maabara ina viti ishirini na watahiniwa ni hamsini, wanaingia kwa zamu, na wanaosubiri wanalindwa wasikutane na waliomaliza. Hata chooni wanasindikizwa.

"Sasa pepa ya 6," alisema, akafungua viganja. "Mnapiga picha ya pamoja, mnakwenda nyumbani. Pepa ya 6 haivunji kioo."

Mtu angeishia hapo aseme shule za pepa ya 6 ni za ubabaishaji. Fundi mwenyewe hakuniacha niseme hivyo. Amewahi kufanya kazi mahali ambapo mtihani ulikuwa wa karatasi lakini watoto waliingia maabara kila wiki, na Cambridge inataka hivyo, kwamba vitendo vifundishwe pepa iwe ipi. Maswali ya pepa ya 6 nayo yanambana aliyekariri: mtoto ambaye hajawahi kusimama mbele ya bureti hawezi kueleza kwa nini kipimo cha kwanza hutupwa. Tatizo lake ni kwamba shule ikishajua hakuna atakayekuja kuona mikono ya watoto, kipindi cha maabara ndicho cha kwanza kukatwa mwalimu akichelewa na silabasi. Hakatwi mtu mshahara kwa hilo.

Alinisimulia kijana mmoja aliyefika Mwaka wa 10 akitokea Ghuba, baba yake mhandisi, ripoti yake imejaa alama za juu. Siku ya kwanza kila mtoto aliambiwa awashe taa ya Bunsen. Yule kijana alikishika kiberiti kwa ncha za vidole, akaelekeza kijiti usoni kwake, akasita. Fundi alimwendea polepole, bila kusema kitu wenzake wakasikia, akamgeuza mkono, akamwonyesha kufungua gesi baada ya moto kuwa tayari na si kabla. Huko alikotoka alikuwa na mtaala uleule kwa jina, ila bodi ya mitihani ni nyingine. Edexcel, ya kampuni ya Pearson, haina kabisa mtihani wa maabara katika IGCSE zake za sayansi, na maswali ya vitendo yamo ndani ya pepa za kuandika. Wazazi walikuwa wamehama kutoka shule ya Uingereza kwenda shule ya Uingereza, wakaamini hakuna kilichobadilika.

Tofauti hii inajitokeza wazi mtoto akivuka kwenda A-level. Kemia ya Cambridge ngazi hiyo, namba 9701, ina pepa ya 3 inayofanyika maabara kwa saa mbili, na haina mbadala. Kijana aliyepata A kwa kusoma picha za bureti anakutana nayo Mwaka wa 12, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. "Wanatetemeka mikono," alisema Fundi. "Watoto wenye akili kabisa. Ninawafundisha kushika pipeti wakati ambao wangekuwa wanafundishwa kufikiri."

Hapo nilimtupia lililokuwa likinisumbua zaidi. Huko Uingereza kwenyewe, mtoto wa shule ya serikali hafanyi IGCSE. Anafanya GCSE iliyofumuliwa na kuanza kufundishwa mwaka 2016 kwa upande wa sayansi, nayo haina mtihani wa maabara. Kuna majaribio ya lazima darasani, kisha yanaulizwa kwa maandishi, kwa asilimia 15 ya alama au zaidi. Maana yake mtoto wa mgeni aliyeko Dar es Salaam, katika shule iliyochagua pepa ya 5, anapimwa mikono yake kwa namna ambayo binamu yake aliyebaki Leeds hapimwi. Je, shule inayong'ang'ania pepa hiyo inafuata mtaala wa Uingereza zaidi, au inashikilia kitu ambacho Waingereza wenyewe wameshakiweka kando?

Fundi alifikiri. "Mimi nilisoma shule ya serikali, Moshi vijijini," alisema. "Tulikuwa na bureti moja darasa zima. Ukiigusa unaisimulia nyumbani." Sikujua kama hilo lilikuwa jibu. Nilikumbuka michango ya maabara za shule za kata, mwaka 2014 na 2015, wenyeviti wa vijiji wakipita nyumba kwa nyumba, na watu wengine kuchukuliwa kuku. Wakulima walitozwa ili watoto wao wasifundishwe kemia ya ubaoni. Upande wa pili wa nchi hiyohiyo, kwa ada ambayo ingejenga chumba kizima cha maabara, kuna mzazi anayenunua kemia ya picha na hana habari.

Nilimuuliza angemshauri nini mgeni anayeshuka uwanja wa ndege leo. Hakutaja bwawa wala lafudhi za walimu. Kwanza mkataba wa kazi unaisha lini, kwa sababu Mwaka wa 10 na wa 11 ni kozi moja, na kumhamisha mtoto katikati ni kumtupa kwenye silabasi nyingine. Kisha bodi ipi, namba zipi. Mtoto ameandikishwa Hesabu ya Core au Extended, maana kwenye Core hata akijibu yote daraja lake haliwezi kuzidi C. Kiingereza chake ni 0500 ya lugha ya kwanza au 0510 ya lugha ya pili, kwa kuwa baadhi ya vyuo vinazitofautisha. "Halafu aombe kuonyeshwa daftari la vitendo la mtoto yeyote wa Mwaka wa 9," alisema. "Si lile safi. Lile lenye madoa."

Na kama shule ikikataa?

"Basi ameshajibiwa."

Yeye mwenyewe haulizwi kuhusu uchaguzi huo. Uandikishaji wa mtihani wa Juni hufungwa Februari, na unafanywa ofisini kati ya mratibu wa mitihani, mkuu wa idara na mtu wa fedha. Mwaka huu watahiniwa wameongezeka, viti vya maabara vimebaki vilevile, na amesikia kwa mbali kwamba kuna mazungumzo ya kwenda pepa ya 6. Mtu aliyepitisha zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi humo ndani ameyasikia kutoka kwa dereva wa basi la shule. Kemikali tayari ameshaagiza, maana zikichelewa bandarini hazisaidii mtu.

"Wakisema sita," alisema, akifunga kabati kwa ufunguo, "mhasibu atanitaka maelezo kwa maandishi nimenunua nitrati ya fedha ya kazi gani."