Usinunue Samaki Mumoja

Unajua kama kuna samaki mudogo wa inchi yetu ambaye watu wa Ulaya na Asia wanamuchunga ndani ya nyumba, juu ya uzuri wake tu? Wanamwita tetra wa Kongo. Jina lake la kisayansi ni Phenacogrammus interruptus, na Boulenger, mutaalamu wa samaki muzaliwa wa Ubelgiji, alimwandika mwaka wa 1899. Anatoka katika mito ya bonde la Kongo. Dume anafikia sentimeta 8, jike ni mudogo kuliko yeye. Mwangaza ukimupiga, mugongo unangaa buluu, katikati ya mwili kunangaa kama zahabu.

Watoto wakimwona watasema: «Papa, utununulie mumoja!» Jibu ni hapana. Mumoja, hapana.

Juu ya nini? Huyu ni samaki wa kundi. Kule mutoni, macho ya wengi yanaona adui mbele ya macho ya mumoja, na adui anapotea akili wote wakigeuka pamoja. Tena ubavuni ana mustari unaosikia mutikisiko wa mayi. Macho na mustari ule vinamusaidia kufuata wenzake. Ukimuweka peke yake, anajificha, anashituka bure, rangi inafifia, chakula anakataa. Utazani ni ugonjwa, kumbe ni woga. Basi, nunua sita ao zaidi, majike wapite madume kwa hesabu. Kama haujapata uwezo wa sita, ngojea.

Na hata ukipata uwezo, usianze na samaki. Anza na mayi. Tafuta sanduku la kioo la litri 200 hivi, urefu wake sentimeta 120, juu ni samaki wa kukimbia sana. Weka kifuniko, anajua kuruka. Tia muchanga, majani ya mayi, na mashini ya kuchuja. Mayi ya robine ina klore. Uiache siku nzima ndani ya ndoo wazi. Kisha kila siku tia chakula kidogo sana cha samaki, ngoja juma ine mpaka sita, bila samaki. Wakati ule vijidudu vizuri vinazaliwa ndani ya mashini na muchanga. Uchafu wa samaki unatoa amonia, ni sumu. Vijidudu vile vinaigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, halafu nitrati, isiyo kali sana. Wengi hawangojei. Wanatia mayi leo, samaki kesho, na kisha siku chache wanalia.

Kila juma toa robo ya mayi, rudisha mayi mapya yenye joto sawasawa. Sponji ya mashini usiisafishe na mayi ya robine. Uisafishe ndani ya mayi uliyotoa, vijidudu visikufe.

Sasa tuongee mambo ya kwetu. Samaki huyu anataka joto la digrii 23 mpaka 27. Lakini mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi na Kolwezi unaweza kushuka chini ya digrii 10. Bila chombo cha kupasha mayi hatapona. Na umeme ukikatika? Funika kioo na blanketi pande zote, acha hewa ipite juu. Usitoe chakula. Chota mayi na kikombe, uimwange tena toka juu, mara kwa mara, ili hewa iingie. Ni kazi nzuri ya kuwapa watoto kwa zamu.

Jambo lingine, vijana musikie vizuri: musitie ndani yale mawe ya kijani, malakiti, hata kama ni mazuri namna gani. Ile ni shaba. Shaba kidogo tu ikiyeyuka ndani ya mayi inaua samaki na konokono. Vilevile musichote mayi ya kijito kinachopita karibu na fasi wanaoshea mawe ya migodi. Mayi inaweza kuonekana safi, na kumbe ina sumu.

Na ukichoka kuwachunga? Usiwatupe mutoni. Samaki wa fasi moja anaweza kuleta ugonjwa ao kusumbua samaki wa fasi ingine. Uwape mutu mwingine mwenye kujua.

Basi, muketi kwanza, baba, mama na watoto, muhesabu: sanduku, mashini, joto, na nani atabadilisha mayi kila juma. Hesabu ikitimia, nunueni sita siku moja. Isipotimia, hakuna haya kungojea. Samaki hana mudomo wa kuwaambia kama mayi imeharibika. Ni ninyi mutakaoangalia.