Mashine mpya yenye waranti au iliyofumuliwa? Hesabu ya mwenye boti Kigoma

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji hakuna mali inayomnyima usingizi mwenye chombo kama mashine ya kupachika. Wavu ukichanika hushonwa asubuhi ileile ufukweni, na boti ya mbao ikivuja huzibwa. Mashine ikigoma usiku katikati ya ziwa ni jambo jingine. Wavuvi hushika makasia, dagaa waliokwisha kukusanyika chini ya taa hutawanyika, na petroli, chakula na posho za usiku huo zimekwisha kulipwa.

Ndiyo maana mwenye boti anapopata fedha kidogo hujikuta mbele ya swali lilelile. Je, anunue mashine mpya yenye karatasi ya waranti ya kiwanda, au achukue iliyotumika, ikafumuliwa na kufungwa upya na fundi wa mwaloni, kwa bei ya chini sana? Wengi hujibu kwa kuangalia fedha iliyopo mfukoni. Lakini swali hili lina hesabu yake, na majibu yake si yaleyale kwa kila mtu.

Mashine zinazozungumziwa hapa ni zile za mizunguko miwili, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Yamaha ya aina ya Enduro imeenea sana katika maziwa na pwani ya Afrika Mashariki, na ile ya nguvu ya farasi 40 ni ya silinda mbili, zenye upana wa milimita 80 kila moja. Ni mashine isiyo na mambo mengi: kabureta, plagi, pampu ya maji, giaboksi na propela. Urahisi huo ndio unaofanya biashara ya kufumua iwezekane. Mashine za mizunguko minne hula petroli kidogo zaidi, lakini zina vipuri vingi zaidi na si kila fundi wa mwaloni anayezimudu.

Tuanze na waranti, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi dukani. Waranti ni ahadi ya kiwanda kwamba kasoro iliyotokana na utengenezaji au ubora wa chuma itarekebishwa bila mnunuzi kutoa fedha, ndani ya muda uliotajwa. Viwanda vingi hutoa muda mfupi zaidi kwa mashine ya biashara kuliko kwa ile ya matembezi, na mashine ya mvuvi ni ya biashara hata kama risiti haikusema hivyo. Plagi, impela ya pampu ya maji, propela na vitu vingine vinavyolika kwa matumizi kwa kawaida havimo. Vilevile haimo mashine iliyoungua kwa sababu ya oili pungufu, iliyopata joto kwa sababu tope au mfuko wa plastiki umeziba njia ya maji, au iliyokwisha kufunguliwa na fundi asiyetambuliwa na wakala.

Sasa mwenye boti wa Kigoma ajiulize: mashine nyingi anazozijua zilikufa kwa ugonjwa gani? Kama ni mchanganyiko mbaya au joto, ile karatasi isingemsaidia. Na hata ugonjwa ungekuwa wa kiwandani, kuna suala la umbali. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni kilomita zipatazo 1,250. Ikiwa wakala mwenye mamlaka ya kukubali madai yuko huko, mashine itasafiri, itakaguliwa, itasubiri kipuri, kisha itarudi. Usafirishaji huo mara nyingi huwa juu ya mteja. Giza likiwa limeingia na dagaa wapo, mwenye boti hawezi kungoja wiki kadhaa. Atampelekea fundi wa Kibirizi, fundi atafungua, na waranti itakuwa imekufa hapohapo. Huo si uzembe. Kwa mtu anayeishi kwa mapato ya kila usiku, mara nyingi ni uamuzi wenye akili.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Waranti huhesabiwa kwa kalenda, wakati mashine ya Ziwa Tanganyika haifanyi kazi kwa kalenda. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kama wiki moja kila mwezi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, katika mpango uliohusu nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Mwaka wenye siku 365 ukitolewa miezi hiyo mitatu hubaki siku 270 na ushei. Zikitolewa na wiki za mbalamwezi katika miezi tisa iliyobaki, unabaki na usiku 200 hivi. Mvuvi aliyenunua mashine mwezi Aprili mwaka ule, kwa waranti ya miezi 12, alikaa miezi mitatu ya waranti hiyo huku mashine ikiwa stoo.

Hivyo basi, faida kubwa ya mashine mpya haiko kwenye karatasi. Iko kwenye chuma. Silinda, pistoni, ringi, beringi za krenki na sili zote ni za umri mmoja na zimepimwa kwa vipimo vya kiwanda. Katika iliyofumuliwa, pistoni inaweza kuwa ya juzi huku krenki ikiwa imekwisha zunguka miaka kumi.

Kufumua kwenyewe

Kufumua kukifanywa vizuri si kazi ya kubezwa. Silinda iliyolika hupigwa boringi ikapanuliwa kidogo, ikatiwa pistoni na ringi za saizi ya juu, kwa kawaida robo milimita au nusu milimita zaidi. Mahali pa kuharibu ni hapo. Boringi ikipigwa kwa mashine ya kuchongea isiyofaa, tundu hutoka lenye umbo la yai. Pistoni ikibana sana huganda ikipata joto, na ikilegea sana hugonga na kupitisha moshi. Fundi asiye na maikromita anakisia, na kukisia kwenye robo ya milimita ni bahati nasibu.

Kosa la pili ni kubadilisha kinachoonekana na kuacha kisichoonekana. Ringi mpya zikiwekwa juu ya beringi chovu, mashine itawaka vizuri siku ya kujaribiwa na kuanza kulia baada ya wiki chache. La tatu ni vipuri bandia, ambavyo boksi lake huwa zuri kuliko bidhaa iliyomo. Na kuna kosa la mteja mwenyewe: mashine iliyofungwa mchana hutupwa ziwani jioni, ikasukumwa kwa nguvu zote hadi kwenye maji ya kilindi. Mashine iliyofumuliwa inahitaji kuzoeshwa kama mpya. Kitabu cha mashine nyingi za namna hii huelekeza mchanganyiko wa lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli katika saa 10 za kwanza, bila kuibana, ndipo uhamie lita 1 kwa 50.

Oili nayo ina jina lake. Ya mashine za majini huandikwa TC-W3 kwenye chombo. Oili ya pikipiki au ya msumeno wa kukatia miti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, nayo ikitumiwa kwenye mashine inayopozwa kwa maji huacha masizi kwenye pistoni na plagi. Tofauti ya bei ya lita moja ni ndogo ikilinganishwa na pistoni mbili. Hata hivyo, chupa ya oili ya pikipiki ndiyo inayopatikana kila kibanda, na wengi huichukua hiyo.

Mnunuzi wa mashine iliyofumuliwa asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aombe kipimo cha mgandamizo wa kila silinda mbele yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna jambo. Adai kupewa vipuri vya zamani vilivyotolewa, ili aone kwamba kweli vilitolewa. Alinganishe namba ya kibao kilicho kwenye mkono wa kufungia na karatasi za mwenye mali wa awali, maana kava jipya lenye stika zinazong'aa linaweza kuvalishwa mashine yoyote. Wizi wa mashine ziwani ni tatizo la siku nyingi, na anayenunua bila risiti yenye namba anaweza kujikuta akijibu maswali polisi. Kisha amuombe fundi aandike, kwa sahihi yake, kwamba kazi yake ikishindwa ndani ya muda fulani ataifungua bila malipo ya ufundi. Fundi anayejiamini haogopi karatasi, na dhamana ya mtu unayemkuta kila asubuhi mwaloni inaweza kuwa na thamani kuliko ya kiwanda kilicho mbali.

Kwa upande wa sheria, mnunuzi hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamlinda aliyeuziwa kitu kisichofaa kwa kazi iliyotajwa, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Lakini ulinzi huo huanza na risiti, na risiti ndiyo inayokosekana katika biashara nyingi za mwaloni.

Hesabu

Bei hubadilika, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano tu; kila mmoja aweke zake. Tuseme mashine mpya ni shilingi milioni 9, itafanya kazi miaka mitano, kisha iuzwe milioni 2. Imekula milioni 7 kwa usiku 1,000, sawa na sh 7,000 kwa usiku. Tuseme iliyofumuliwa ni milioni 4, itadumu miaka miwili kabla ya kufumuliwa tena, na ikiuzwa hapo itatoa milioni 1.2. Imekula milioni 2.8 kwa usiku 400. Hiyo nayo ni sh 7,000.

Kwa uchakavu, basi, hazijapishana. Zinapishana kwenye mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni mtaji. Mashine mpya imefunga milioni 5 zaidi, na kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 18, mwaka wa kwanza zinagharimu sh 900,000. La pili ni usiku unaopotea kwa mashine kugoma. Kama usiku mmoja mzuri humwachia mwenye boti sh 60,000 baada ya gharama na mgawo wa wavuvi, basi sh 900,000 ni sawa na usiku 15. Iliyofumuliwa ikimpotezea chini ya usiku 15 kwa mwaka zaidi ya ile mpya, amefanya vyema kuichukua. Ikizidi hapo, urahisi wake umekwisha.

Ongeza petroli. Kwa makadirio ya kawaida, mashine ya mizunguko miwili ikisukumwa kikamilifu hunywa kama nusu lita kwa saa kwa kila farasi mmoja, yaani ile ya 40 hufikia lita 20. Iliyolika ikizidisha lita 2 tu kila usiku, ni lita 400 kwa mwaka wa usiku 200. Wenye boti wengi hawaoni hasara hii kwa sababu hununua petroli kwa madumu na hawaandiki.

Hesabu hiyo inawafaa zaidi wavuvi. Mwenye boti ya abiria na mizigo, zile ziendazo vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo na Kagunga, hawezi kuhesabu kwa usiku uliopotea peke yake. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi huwa mkali, na boti iliyojaa watu ikizimikiwa hugeuzwa ubavu na mawimbi. Kwake, kama hana uwezo wa mashine mpya, afadhali awe na mbili: iliyofumuliwa vizuri na ndogo ya akiba, hata ya farasi 15, iliyo tayari kufungwa. Waranti ya namna yoyote haifiki huko majini.

Miezi ya ziwa kufungwa ndiyo nafasi ya mashine kuangaliwa, nayo huua mashine nyingi kimyakimya. Petroli iliyochanganywa ikiachwa kwenye kabureta hukauka na kuacha utelezi unaoziba matundu. Kabla ya kuweka stoo, chomoa mpira wa mafuta na uiache izimike yenyewe ikiwa inapata maji, badilisha oili ya giaboksi, kisha tia oili kidogo katika silinda kupitia tundu la plagi na uzungushe kwa kamba. Wajerumani walipoizamisha meli ya Graf von Götzen karibu na Kigoma mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi kwanza. Ilipoopolewa mwaka 1924 zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Anayetaka kufumua naye apeleke mashine kwa fundi mwanzoni mwa kipindi hicho. Vipuri kutoka Dar es Salaam huchukua siku, boringi huchukua siku, na saa 10 za kuzoesha zinahitaji maji matulivu na mwendo wa taratibu karibu na ufuko. Anayeipeleka wiki ya mwisho ataikuta foleni, na mashine yake itaingia kilindini usiku wa kwanza wa msimu bila kuzoeshwa.