Fahamu: Kijana wa Mpanda anavyoweza kutengeneza programu ya simu

Kijana wa Mpanda, mkoani Katavi, anayetumia simu janja kutuma pesa na kuulizia bei ya mpunga anaweza pia kutengeneza programu yake. Aanzie wapi?

Aanze na MIT App Inventor, zana ya bure ya kutengenezea programu za simu. Kwenye kompyuta yenye intaneti, unaunganisha vipande vya maagizo, kisha unajaribu kazi yako papo hapo kwenye simu. Ukizoea, jifunze Kotlin, lugha ya kuandikia programu za simu za Android. Akaunti ya kuweka programu Google Play ni dola 25, unalipa mara moja.

Mfano wa programu inayowasaidia wakulima ni PlantVillage Nuru: elekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo itatambua ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, kwa Kiswahili, hata bila intaneti. Wakulima wa Katavi wanastahili programu zilizobuniwa na vijana wao.