Utafiti wa dawa: mchezo wa kuchoronga kabla ya kuona mawe

Mfanyabiashara wa Geita au Kahama hahitaji kuelezwa maana ya kuchoronga miezi kadhaa na kutoka mikono mitupu. Kwa sababu hiyo anaweza kuielewa idara ya utafiti ya kampuni ya dawa haraka kuliko wengi, ingawa pengine hajawahi kuiona.

Mwanasayansi wa idara hiyo hauzi kitu. Hulipwa mshahara kila mwezi kwa kujaribu kemikali moja baada ya nyingine, kwanza kwenye vichupa, kisha kwa wanyama, hatimaye kwa watu. Kati ya dawa kumi zinazofika hatua ya watu, takribani moja tu ndiyo huruhusiwa kuingia sokoni. Aidha, hataza, yaani haki ya kuuza peke yako, ni ya miaka 20, lakini huhesabiwa tangu siku ya kuiomba. Utafiti unaweza kula miaka kumi au zaidi, mithili ya leseni inayokwisha shimo likiwa bado halijafika kwenye mwamba.

Mfano hauko mbali. PRO 2000, jeli ya wanawake ya kuzuia virusi vya UKIMWI, ilibuniwa na wanasayansi wa Procept, kampuni ndogo ya Massachusetts, Marekani. Mwaka 2000 haki zake zilihamia kampuni iliyokuja kuitwa Indevus, nayo ikanunuliwa na Endo mwaka 2009. Yote hayo kabla ya kuuzwa hata mrija mmoja.

Jaribio kubwa, lililogharamiwa na serikali ya Uingereza, lilianza 2005 na kuhusisha wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na Tanzania. Kituo cha Tanzania kilikuwa Mwanza, mkoa ambao Geita ilikuwa wilaya yake hadi 2012. Walioandikishwa hapo walikuwa wafanyakazi wa baa, nyumba za wageni na sehemu za chakula.

Februari 2008 jeli yenye nguvu zaidi, ya asilimia 2, ilisimamishwa kwa kutoonyesha dalili ya kufaa. Jeli ya asilimia 0.5 ikaendelea. Mwaka mmoja baadaye jaribio jingine, dogo zaidi, likatangaza kwamba waliotumia jeli hiyo walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 30. Hapo ndipo mwenye pesa hupagawa. Lakini kwa hesabu za takwimu, tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu.

Desemba 2009 jibu likatoka. Kwa mwaka, maambukizi yalikuwa 4.5 kwa kila wanawake 100 waliotumia jeli, na 4.3 kwa waliopewa jeli isiyo na dawa. Biashara ikaisha.

Mfano wa shimo unakomea hapa. Shimo likiwa tupu, hasara ni ya aliyeweka fedha. Katika jaribio, wahudumu wa baa wa Mwanza waliweka miili yao. Walipewa kondomu na ushauri, na bila wao jeli isiyofaa ingeweza kufika madukani ikitegemea ile asilimia 30.

Anayefikiria kuweka akiba yake katika kiwanda cha dawa cha hapa nchini ajue kwamba hiyo ni biashara nyingine. Viwanda vyetu hutengeneza zaidi dawa ambazo hataza zake zimekwisha, na mkemia wake hupima ubora wa malighafi na vidonge. Hatari yake iko kwenye bei ya malighafi kutoka India na China, thamani ya shilingi, na zabuni za Bohari ya Dawa.