Mshindi wa Pili Apewe Umakamu?

Jumamosi nikitoka Chang'ombe huwa napita Kariakoo kumsaidia mama mdogo dukani. Pembeni ya duka pana kijiwe cha kahawa, na siku moja mzee mmoja pale alitoa hoja: "Mgombea urais akishamshinda mwenzake ndani ya chama, amchukue awe mgombea mwenza. Yaishe." Wengi wakaitikia. Kwa kuwa wanajua nasomea ualimu, wakanigeukia: "Haya mwalimu, Katiba inasemaje?" Nilijibu nusunusu. Nikarudi kusoma.

Kwanza, kwetu si kila aliyeshindwa anafaa kisheria. Ibara ya 47 inasema Makamu huchaguliwa pamoja na Rais, watoke chama kimoja, na Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alimshinda Jakaya Kikwete ndani ya CCM. Hata angetaka, asingeweza kumfanya mwenza, wote ni wa Bara. Mwenza akawa Dk. Omar Ali Juma wa Zanzibar, Kikwete akapewa Mambo ya Nje. Na hilo la chama kimoja si utani: mwaka 2015 Juma Duni Haji wa CUF ilibidi ahamie Chadema ndipo awe mwenza wa Edward Lowassa.

Pili, hata pale sheria iliporuhusu, CCM haikufanya hivyo. Mwaka 2005 Dk. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, alikuwa wa pili nyuma ya Kikwete. Mwenza akabaki Dk. Ali Mohamed Shein, aliyekuwa tayari Makamu. Mwaka 2015 kule Dodoma Balozi Amina Salum Ali alikuwa wa pili nyuma ya John Magufuli. Mwenza akawa Samia Suluhu Hassan. Kisa kinachokaribia ni cha 2010: Dk. Mohamed Gharib Bilal, aliyetoka kushindwa na Shein katika mchujo wa CCM wa urais wa Zanzibar, alichukuliwa na Kikwete. Lakini hao wawili hawakuwa wamepambana wao kwa wao.

Mzee wangu wa kahawa angesema mbona Marekani wanafanya. Kweli, Ronald Reagan alimchukua George Bush mwaka 1980, na Joe Biden akamchukua Kamala Harris mwaka 2020. Ila kule wagombea huomba kura za wananchi miezi kadhaa kabla ya mkutano wa chama, kwa hiyo aliyeshindwa anaweza kuja na wapiga kura wake. Kwetu wanaopiga kura ya mwisho ni wajumbe wa mkutano mkuu. Halafu angalia Lowassa: alikatwa CCM, akahamia upinzani, akapata kura zaidi ya milioni 6. Huyo ndiye aliyekuwa na watu, na kwa kuwa ni wa Bara, umakamu wa Magufuli usingemhusu kabisa. Hii dawa ya kuponya majeraha ya mchujo, kwetu mara nyingi haifiki kwenye kidonda.

Usiku wa Machi 17, 2021 nilikuwa hapohapo Kariakoo kwa mama mdogo, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda cha tano. Makamu wa Rais alitokea kwenye runinga kutangaza msiba wa Rais Magufuli. Machi 19 akaapishwa yeye, kwa muda wote wa muhula uliobaki, bila uchaguzi mwingine. Tangu hapo siwezi kuuona umakamu kama kifuta jasho. Aliyeshindwa apewe kama sheria inamruhusu na kama anaweza kuamka kesho akiwa Rais. Kama sababu ni ili asinune, hapana, uwaziri upo.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mzee yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na sisi wapiga kura, tunamwangalia mwenza kweli, au tunaangalia jina la juu tu?" Nilinyamaza. Wewe ulimwangalia?